Laptopu ya Mwanachuo wa Nyeri: Tujue Bei ya Mashine na Bei ya Leseni

Kila nafasi za vyuo vikuu zinapotangazwa, vijana wetu wengi wa Pwani hujikuta wamepangiwa maeneo ya Mlima Kenya. Yuko anayekwenda Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kando ya mji wa Nyeri. Yuko wa Karatina, na wako wa Kirinyaga, Embu, Chuka na Meru. Wazazi huanza matayarisho: blanketi zito, sweta mbili, nauli ya kupitia Nairobi, na karo. Kisha huja haja nyingine kubwa, nayo ni laptopu, kwani hivi leo kazi za darasani, usajili wa masomo na maombi ya mkopo wa HELB vyote hupitia mtandaoni.

Familia nyingi hazimudu mashine mpya. Hununua zilizokwisha kutumika ng'ambo, zile zinazoitwa eksi-UK, ama hapa Mombasa kabla ya safari, ama katika maduka ya Nyeri, Karatina na Nanyuki baada ya kijana kufika. Hakuna ubaya katika hilo. Tunalotaka kulizungumza wiki hii ni kuwa mnunuzi hulipa bei moja akidhani amepata kitu kimoja, ilhali anachukua vitu viwili: mashine yenyewe, na ruhusa ya kutumia mfumo endeshi uliomo ndani yake. Mashine inaweza kuwa nzima na ruhusa ikawa batili, au ruhusa ikawa sahihi na mashine ikawa imepitwa na wakati. Asiyeuliza mapema hulipa mara mbili.

Leseni ni nini hasa?

Mfumo endeshi ndio programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuziongoza programu nyingine zote. Katika maduka yetu, mfumo unaotawala ni Windows wa kampuni ya Microsoft. Anayelipia Windows hauziwi mfumo wenyewe. Hupewa idhini ya kuutumia kwa masharti. Waliosoma fiqhi hawatapata tabu kulifahamu jambo hili, kwani wamezoea kutofautisha baina ya kumiliki dhati ya kitu na kumiliki manufaa yake. Aliyenunua nyumba ana haki zisizofanana na za aliyekodi, na leseni inakaribiana zaidi na hali ya mkodishwaji.

Idhini hizo ziko za namna tatu. Ya kwanza huja na mashine kutoka kiwandani. Hii hufungamana na mashine ile ile, na mashine ikiuzwa, leseni huifuata. Ya pili hununuliwa peke yake na mtu binafsi, naye aweza kuihamisha kutoka kompyuta moja hadi nyingine maadamu ameiondoa katika ile ya kwanza. Ya tatu ni ya jumla, inayopewa makampuni na taasisi kwa ajili ya kompyuta zao. Hii haimfuati anayenunua mashine zao kuukuu. Ufunguo wa Windows unaouzwa kwa bei ya kutupa huenda ukawa umechomolewa katika leseni za namna hii, na siku ukizimwa, mnunuzi hana pa kudai.

Tarakimu moja yenye thamani kubwa

Windows 11 ulitolewa tarehe 5 Oktoba 2021. Uliotangulia, Windows 10, ulifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yenye Windows 10 haikuzimika siku hiyo, ila imeacha kupokea bure masasisho ya usalama, yaani viraka vinavyoziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni hupitia.

Kupanda kutoka Windows 10 hadi Windows 11 hakulipiwi, mradi leseni iliyopo ni sahihi na mashine imetimiza masharti. Masharti hayo ni kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, hifadhi isiyopungua gigabaiti 64, kijenzi cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel Core, orodha hiyo kwa kawaida huanzia kizazi cha nane.

Hapa ndipo mzazi anapohitaji jicho kali. Dukani zinaweza kuwekwa laptopu mbili za kampuni moja, rangi moja na ukubwa mmoja, zote zimeandikwa Core i5. Moja ina prosesa i5-7200U na nyingine i5-8250U. Tarakimu inayofuata kistari ndiyo inayotaja kizazi: ya kwanza ni kizazi cha saba, ya pili ni cha nane. Ya pili hupokea Windows 11 kwa njia iliyo rasmi. Ya kwanza haipokei. Tofauti ya bei baina yao ikiwa ndogo, kuchagua ya kwanza si kubana matumizi. Microsoft wenyewe wana programu ya bure iitwayo PC Health Check, inayoikagua mashine na kutoa jibu kwa dakika chache. Muuzaji mwaminifu hatakataa kuiendesha mbele yenu.

Kuna habari njema pia. Nyingi katika laptopu kuukuu zinazoingia nchini zilikuwa za maofisi huko zilikotoka, mfano wa Lenovo ThinkPad, HP EliteBook na Dell Latitude. Mashine hizi mara nyingi zilitoka kiwandani na leseni ya Windows Pro iliyohifadhiwa ndani ya bodi yake. Ikiwa ni ya kizazi cha nane au zaidi, kijana anaweza kuwa na Windows 11 halali bila kuongeza hata senti.

Njia zilizopo na gharama zake

Kwa mwenye mashine isiyo na leseni, bei iliyotangazwa na Microsoft huko Marekani ni dola 139 kwa Windows 11 Home na dola 199 kwa Pro. Tukihesabu dola kwa shilingi 129, hizo ni takriban shilingi 17,900 na 25,700. Ni pesa nyingi, na kwa laptopu kuukuu zinaweza kukaribia thamani ya mashine nzima. Kwa hiyo leseni iliyomo tayari ndani ya mashine ihesabiwe kuwa sehemu ya bei yake. Atakayelazimika kununua ajue kuwa Home yamtosha mwanafunzi. Ziada ya Pro ni mambo ya maofisini, kama kuunganishwa na mtandao wa shirika au kuendesha kompyuta kutoka mbali.

Kwa aliye na Windows 10 katika mashine isiyoweza kupanda, Microsoft walitoa huduma ya mwaka mmoja wa ziada wa masasisho ya usalama, hadi Oktoba 2026. Mtu binafsi hulipa dola 30, kama shilingi 3,900, na malipo hayo hufaa hadi kompyuta 10 zilizo chini ya akaunti moja. Asiyetaka kulipa anaweza kuipata bure kwa kuingia katika akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe huko.

Wasimamizi wa madrasa na ofisi za misikiti wasichanganye bei hiyo na yao. Kwa mashirika, huduma hiyo ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, dola 122 mwaka wa pili na dola 244 mwaka wa tatu. Jumla ni dola 427, yaani takriban shilingi 55,000 kwa mashine moja. Fedha hizo zitafaa zaidi kununulia mashine nyingine. Taasisi za elimu zinazotambuliwa na Microsoft zina unafuu mkubwa: dola 1, kisha 2, kisha 4. Mwalimu mkuu aulize kama shule yake inastahiki kabla ya kulipa.

Njia nyingine ni mifumo huria, ambayo leseni yake humruhusu mtu kuitumia, kuinakili na kumpa mwenzake. Maarufu zaidi ni Ubuntu, ulioasisiwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu utu. Toleo la 24.04 linahudumiwa bure hadi 2029, na hukaa vizuri katika laptopu nyingi zilizokataliwa na Windows 11. Huweza kuwekwa pamoja na LibreOffice kwa kuandikia na kupigia mahesabu. Kiswahili si mgeni katika uwanja huu: mwaka huo huo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa nyuma ya Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa lugha yetu. Lakini mwanafunzi wa uhandisi aiulize idara yake kwanza, kwani baadhi ya programu za fani hiyo, kama AutoCAD, hazikuundwa kwa mifumo hii.

Tukumbuke pia kuwa Word na Excel si sehemu ya Windows. Zina leseni yake mbali. Kabla ya kuzilipia, kijana aulize kama anwani ya barua pepe ya chuo inampa matumizi ya bure, kwani Microsoft huwapa hivyo wanafunzi wa vyuo vilivyojiandikisha.

Njia ya kuvunja kufuli

Iko njia ambayo baadhi ya mafundi huitoa kama fadhila: programu ndogo inayoihadaa Windows ijione imelipiwa. Hatari yake ya kwanza ni ya kidunia. Programu za namna hii mara nyingi humtaka mtumiaji azime ulinzi wa virusi kabla ya kuziingiza. Katika laptopu hiyo hiyo kijana ataandika nywila za eCitizen, za HELB na za benki. Mwenye kuzima ulinzi ili kumkaribisha asiyemjua amekabidhi ufunguo wa nyumba yake.

Ya pili ni ya sheria na dini. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu. Na wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chao cha tano huko Kuwait, Desemba 1988, walipitisha azimio kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zinazolindwa kisharia, wala haifai kuzivuka. Tunasikia wanaosema kuwa kampuni ni tajiri na bei zake zimepimwa kwa mifuko ya Wamarekani. La pili ni kweli. Lakini utajiri wa mwenye haki hauifuti haki yake, na hoja ya dharura haisimami pale ambapo njia ya halali isiyo na malipo ipo wazi.

Kabla ya kutoa pesa

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Wazazi wamwagize kijana asitume wala kutoa fedha mpaka risiti iandikwe mambo matatu: jina kamili la prosesa na tarakimu zake, aina ya leseni ya Windows iliyomo, na muda wa dhamana. Kisha aifungue mashine hapo dukani, aingie katika mipangilio, aone panaposema kuwa Windows imeamilishwa. Akiona maandishi hafifu pembeni mwa skrini yakidai uamilishaji, ajue leseni haipo, na bei ipunguzwe au mashine iachwe.

Kijana aliye mgeni mjini asione haya kwenda na mwenzake wa mwaka wa tatu au wa nne. Ndugu zetu walioko katika misikiti na jumuiya za wanafunzi wa miji hiyo wanawajua mafundi wanaosifika kwa uaminifu. Tunawaomba wawapokee wageni wao kwa hili kama wanavyowapokea kwa kuwatafutia vyumba.