Upungufu wa nguvu za kiume huenda ukawa dalili ya kisukari

MWANAMUME anayepungukiwa na nguvu za kiume aghalabu huficha tatizo lake au hununua vidonge kisirisiri. Kumbe huenda mwili unamwonya kuhusu maradhi mengine.

Uume husimama damu inapoingia kwa wingi kupitia mishipa yenye upana wa milimita 1 au 2 tu. Sukari na mafuta yakizidi katika damu, mishipa hiyo huharibika na kushindwa kutanuka. Kwa kuwa mishipa ya moyo ni mipana zaidi, madhara yaweza kujitokeza chumbani miaka kadhaa kabla ya moyo kuathirika.

Hata hivyo, hali hii yaweza kurekebishwa. Katika utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka wa 2004, wanaume 55 wanene kupindukia walielekezwa kupunguza uzani kwa lishe na mazoezi. Baada ya miaka miwili, 17 walikuwa wamepata nafuu kamili. Miongoni mwa 55 wengine waliopewa ushauri wa jumla tu, ni watatu waliopona.

Kwa hivyo, kabla ya kumeza vidonge, ni muhimu kupimwa sukari, mafuta na shinikizo la damu. Vikichanganywa na dawa za moyo aina ya nitrati, vidonge hivyo vyaweza kuua.