Kitabu na Msomaji Wake: Funzo la Busia Kuhusu Viwango vya Elimu

Kila matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa nchini Kenya, hutolewa wito kwamba viwango vya masomo katika shule za upili vipandishwe. Wito huo ni wa haki. Linaloulizwa kwa nadra ni hili: viwango vikipandishwa, nani hasa hupanda navyo? Wilaya za zamani za Busia na Teso, ambazo tangu 2013 zimo katika Kaunti ya Busia, zina ushahidi adimu kuhusu swali hilo, ijapokuwa ulikusanywa katika shule za msingi.

Mwaka 1996, shirika la Kiholanzi la ICS lilianza kugawa vitabu vya kiada huko. Kati ya shule 100, 25 zilipata vitabu kwanza, zikiteuliwa bila kujali uwezo wao, ili zilinganishwe na zilizosubiri. Wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia matokeo. Kinyume na matarajio, wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wale tu waliokuwa wakifanya vyema tangu hapo.

Sababu si ngumu kuiona. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Bukhayo, Marachi au Samia huanza na lahaja ya Kiluhya. Wa Amagoro au Malaba huanza na Kiteso. Kiswahili humfikia kupitia soko na barabara, na Kiingereza huwa lugha ya tatu. Mtaala wenyewe, kwa jinsi ulivyopangwa, ulimlenga mwanafunzi mwenye nguvu. Wengi wa wenzake walipewa kitabu wasichoweza kukisoma.

Zamani watoto hao wengi waliishia darasa la nane. Mambo yamebadilika. Mwaka 2008 serikali ilianza kugharamia masomo katika shule za upili za kutwa, na kuanzia 2018 ikaamua kwamba kila mtahiniwa wa darasa la nane aingie kidato cha kwanza. Mwaka huohuo vitabu vilianza kupelekwa shuleni moja kwa moja na serikali. Kwa maneno mengine, jaribio la 1996 limerudiwa kwa nchi nzima, safari hii katika shule za upili.

Hata hivyo, si kweli kwamba lengo la juu humwacha mnyonge daima. Mwaka 2001, ICS ilianzisha zawadi ya masomo kwa wasichana wa darasa la sita waliokuwa katika asilimia 15 ya juu. Huko Busia, hata wasichana wasiokuwa na matumaini ya kushinda waliongeza alama. Wavulana, ambao hawakuhusishwa, nao walinufaika. Walimu wakahudhuria zaidi. Teso haikuwa hivyo. Mwaka huo radi iliua wanafunzi saba shuleni, na baadhi ya wazazi wakalihusisha shirika na msiba huo. Imani ilipopotea, shule kadhaa zilijiondoa.

Jaribio jingine lililoanza mwaka 2005 katika shule 121 za Magharibi mwa Kenya liligawa wanafunzi wa darasa la kwanza kwa uwezo wao. Wenye nguvu walipanda, na wanyonge pia, kwa kuwa mwalimu aliweza kuanzia pale walipo. Mgawanyo wa namna hii una hatari ya kumbandika mtoto jina la ujinga, lakini matokeo hayo hayafai kupuuzwa.

Ajabu ni kwamba Kiswahili, lugha inayowaunganisha madereva wa malori, mawakala wa forodha na waendesha bodaboda (neno linalosemekana kuzaliwa mpakani hapo), hutumiwa darasani kama somo, si kama ngazi ya kufikia masomo mengine. Kimekuwa cha lazima na cha kutahiniwa tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Wanafunzi wa kwanza wa sekondari pevu waliingia gredi ya 10 Januari 2026, na vitabu vyao vya fizikia vingali vya Kiingereza.