Bonasi kwa ofisa wa mpakani: Ipimwe kwa makusanyo au kwa huduma?

Mfanyabiashara anayevuka Busia na magunia machache ya maharage yaliyolimwa Uganda, thamani yake isiyozidi Dola 2,000 za Marekani, ana haki ya kupewa cheti cha uasili wa bidhaa kwa utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na kupita bila kulipa ushuru wa forodha. Kwa ofisa aliye dirishani, mteja huyo ni kazi tupu. Atakagua mzigo, atajaza fomu, atagonga mhuri, na jioni makusanyo yake ya ushuru hayatakuwa yameongezeka hata shilingi moja.

Hapo ndipo mjadala wa kuwalipa watumishi wa serikali bonasi kwa utendaji unapomgusa mwenye magunia. Wanaouunga mkono mpango huo husema mchapakazi na mtegeaji wakipokea mshahara uleule, mchapakazi naye hulegea. Wanaoupinga husema mtu halipwi mara mbili kwa kazi moja. Hoja hizo zimezoeleka. Jambo linalosemwa kwa nadra ni kipimo chenyewe: bonasi italipwa kwa kuhesabu nini?

Kanda hii imewahi kujaribu kununua uadilifu kwa mshahara. Uganda ilianzisha mamlaka yake ya mapato mwaka 1991, Kenya 1995 na Tanzania 1996, na wafanyakazi wake wakalipwa vizuri kuliko watumishi wa wizara. Odd-Helge Fjeldstad na wenzake, watafiti kutoka Norway, walizichunguza mamlaka za Tanzania na Uganda na kuchapisha matokeo yao mwaka 2003. Mwanzo ulikuwa mzuri, mapato yakapanda, kisha rushwa ikarudi. Sababu mojawapo waliyoitaja inaeleweka kwa yeyote mwenye ndugu: ukoo ukijua kijana wao yuko forodha, ada za shule, matibabu na harusi humfuata yeye. Mshahara mnono ukawa nyongeza juu ya kitu kidogo badala ya kuchukua nafasi yake.

Hiyo haina maana kwamba malipo kwa utendaji hayafanyi kazi. Rwanda ilianza kuvilipa vituo vya afya kulingana na huduma zilizotolewa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa kina mama waliojifungulia vituoni waliongezeka kwa asilimia 23. Lakini idadi ya waliokamilisha mahudhurio manne ya kliniki ya ujauzito haikubadilika. Fedha husukuma kile kinacholipiwa, tena pale tu ambapo mtumishi ana uwezo wa kukisogeza.

Sasa lipeleke hilo kwenye dirisha la ushuru. Kwa wafanyabiashara, somo lililo karibu zaidi linatoka mbali, katika jimbo la Punjab nchini Pakistan, ambako wakusanyaji wa kodi ya majengo walipewa bonasi kulingana na makusanyo. Mapato ya serikali yaliongezeka. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulibaini kuwa walipakodi wengi hawakubadilishiwa kodi, ila rushwa waliyodaiwa ilipanda. Mkusanyaji aliyekubali kufumba macho alikuwa anapoteza bonasi yake, hivyo alitaka afidiwe. Kwa maneno mengine, bonasi ilipandisha bei ya chai.

Mpakani, kipimo cha aina hiyo kingemgeuza mwenye cheti cha uasili kuwa mteja asiye na faida. Kosa dogo kwenye fomu, au shaka kuhusu asili ya mzigo, lingekuwa na thamani kwa ofisa. Na mama aliyekataliwa cheti mara mbili anajua njia ya panya iko wapi.

Kameruni ilichagua njia nyingine. Mwaka 2010, wakaguzi wa forodha katika bandari ya Douala waliwekeana mikataba na uongozi wao, na kazi ya kila mmoja ikapimwa kwa kumbukumbu za kompyuta: anashughulikia nyaraka haraka kiasi gani, na udanganyifu anaougundua una uzito gani. Zawadi kubwa haikuwa fedha bali barua ya pongezi. Aliyefanya vibaya alijua anaweza kuondolewa kwenye kituo hicho chenye ulaji. Mizigo ilianza kutoka haraka.

Kuna tatizo jingine ambalo bonasi ya forodha peke yake haitaligusa. Katika vituo vya pamoja vya mpakani kama Namanga, Malaba na Rusumo, mzigo hupita pia kwa watu wa viwango na wa afya ya mimea, na wenye mzigo hupita uhamiaji. Ofisa forodha akimaliza kwa dakika kumi na mkaguzi wa mimea hayupo, nyanya zitaoza palepale. Kama kuna fungu la zawadi, ni busara ligawiwe kituo kizima, na saa ihesabiwe tangu lori linapoingia hadi linapotoka.

Kwa lori hilo ni rahisi, kwa sababu mfumo wa forodha huandika saa tamko lilipoingizwa na saa mzigo ulipoachiliwa. Mwenye magunia matatu aliyeambiwa kwa mdomo "rudi kesho" haandikwi popote. Kipimo kinachomjali kingehesabu vyeti vya uasili vilivyotolewa kila siku, vilivyokataliwa, na sababu ya kila kimoja, kwa maandishi, huku yeye akipewa nakala.