Sindano za Kichina na Mgongo wa Mama

Je, mama, mgongo wako unakuamsha usiku? Wengi wetu hapa Tanga tunayajua maumivu hayo. Wenzetu wanaolima mwani kule Mkinga huinama majini saa nyingi. Sisi wa mjini tunabeba ndoo na watoto. Ndiyo maana baada ya ibada akina mama hutuuliza sisi wauguzi: sindano za Kichina zinasaidia kweli?

Tiba hii, iitwayo akupancha, si ngeni nchini. Madaktari wa Kichina walianza kuja Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, na baadhi yao ni wataalamu wa sindano hizo.

Mtaalamu huchoma sindano nyembamba sana, zisizo na dawa ndani, akaziacha mwilini dakika 20 au 30. Wachina wa kale walisema zinafungua njia za nguvu ya uhai. Sayansi haijaziona njia hizo. Inachokiona ni kwamba sindano huamsha mishipa ya fahamu, na mwili ukatoa kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu, ziitwazo endofini. Basi si uchawi wa kuogopwa.

Zinasaidia wapi?

Ni katika maumivu sugu ya mgongo, shingo na goti, na katika kipandauso. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliitaja tiba hii miongoni mwa zinazoweza kutumika kwa maumivu sugu ya kiuno. Lakini nafuu yake kwa wengi ni ya kiasi. Katika majaribio, hata waliochomwa sindano za kuigiza walipata nafuu, pengine karibu sawa na wenzao.

Zinaishia wapi?

Haziponyi malaria, saratani wala mfupa uliovunjika. Mama mmoja wa kwaya yetu alichomwa sindano kwa wiki kadhaa. Maumivu yakapungua, tukafurahi naye. Kumbe alikuwa akitoka jasho usiku, na alikuwa anakonda. Alipopigwa picha, alikutwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo. Dawa zilimponya, naye anaimba tena, ila sasa anatembea kwa mkongojo. Mficha maradhi, kilio humfichua. Hata sisi tunajilaumu: tulimwona kila Jumapili, wala hatukumuuliza.

Kwa hiyo, mama mwenzetu, kabla ya sindano pimwa kwanza. Wahi hospitali ukiwa na homa, ukikonda, miguu ikifa ganzi au ukishindwa kuzuia haja. Hakikisha kila sindano ni mpya, inafunguliwa mbele ya macho yako na kutupwa baada ya kutumika, kwani iliyotumika huweza kuambukiza virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Sema kama una mimba au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Wala usiache dawa ulizopewa hospitali.

Kutulia kwa maumivu ni baraka. Lakini kwanza tujue yanatoka wapi.