Daftari la riwaya: Rafu ya msomaji asiye na vitabu

WASOMAJI wengi wa riwaya mjini Kakamega hawana kabati la vitabu nyumbani. Riwaya huazimwa katika maktaba ya umma na kurejeshwa baada ya majuma machache, hupita kutoka kwa mwalimu hadi kwa jirani, au hununuliwa kwa wachuuzi wa vitabu vilivyokwisha kutumika na baadaye kubadilishwa kwa kingine. Kitabu kipya ni ghali, na sheria ya VAT ya mwaka wa 2013, iliyotoza vitabu ushuru wa asilimia 16, haikumfaa kitu msomaji wa kipato kidogo. Mtu wa aina hii aweza kusoma riwaya mia mbili maishani mwake na nyumbani kwake pasionekane hata kumi.

Kwa msomaji kama huyo, daftari la kuorodhesha riwaya alizosoma si pambo. Ndilo rafu yake.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Daftari la kurasa 96, la aina wanayotumia watoto shuleni, latosha kwa miaka mingi. Kwa kila riwaya huandikwa jina la kitabu, mwandishi, tarehe ya kumaliza kukisoma, mahali kilikopatikana, kisha sentensi mbili tatu kuhusu kilichosalia moyoni. Wengi hupuuza mahali, ilhali hapo ndipo penye faida isiyotarajiwa. Kitabu kilichoandikwa kwamba kilitoka maktabani, au kwa shemeji aishiye Mumias, chaweza kutafutwa tena. Kisichoandikwa hupotea pamoja na jina lake, na baada ya miaka mitano msomaji hubaki akisimulia habari za “kile kitabu cha yule msichana aliyetoroka kwao” bila yeyote kujua kama anazungumzia Utengano ya Said Ahmed Mohamed au nyingine kabisa.

Ugumu huanzia kwingine. Aghalabu Wakenya walifunzwa kuandika kuhusu riwaya katika darasa la fasihi, wakijiandaa kwa mtihani wa KCSE. Huko waliambiwa watafute dhamira, maudhui, sifa za wahusika na mbinu za uandishi, na aliyeshindwa alinunua mwongozo. Mafunzo hayo yana manufaa yake, na hakuna haja ya kuyabeza. Lakini mtu mzima anapofungua daftari lake la kwanza, mkono hukimbilia kule kule: “Mwandishi amefaulu kuonyesha athari za tamaa katika jamii.” Sentensi hiyo yaweza kubandikwa kwenye riwaya hamsini. Haimwambii mwenye daftari alisoma nini, wala alikuwa nani alipokisoma.

Daftari hili halitasahihishwa na yeyote. Basi ni halali kuandika kwamba sura ya tisa ilimkesha mtu hadi saa nane za usiku, kwamba mhusika fulani anafanana mno na mama mdogo, au kwamba mwisho ulichosha. Maneno ya namna hiyo hayapati alama mtihanini, lakini ndiyo yanayokirejesha kitabu kizima akilini miaka kumi baadaye.

Chukua mfano wa Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyochapishwa mwaka wa 1996 na kufundishwa katika shule za sekondari nchini. Kongowea Mswahili anaondoka Tanga kumtafuta babake, na msako huo unamfikisha Kitale, mji ambao mkazi wa Kakamega huufikia kwa matatu kupitia Webuye. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliisoma akiwa na kalamu mkononi, akiwinda tamathali za usemi. Akiisoma tena akiwa na umri wa miaka 40, pengine naye ni mzazi anayefanya kazi mbali na wanawe, hatasoma kitabu kile kile. Tarehe mbili katika daftari moja, na maoni mawili yasiyopatana, huonyesha umbali ambao msomaji mwenyewe amesafiri.

Orodha pia hufichua mapengo. Anayefuatilia visa vya Bwana Msa, mpelelezi aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ataanza na kile alichobahatika kukipata, huenda Kisima cha Giningi cha mwaka wa 1968 au Siri ya Sifuri cha 1974. Vitabu hivi havipatikani kwa mpangilio. Bila maandishi, msomaji hununua mara ya pili alichokwisha kusoma chini ya jalada jipya, na kukiacha Mzimu wa Watu wa Kale cha mwaka wa 1960, kilichoanzisha mfululizo wote.

Uraibu huu una wenyewe hata ng’ambo. Mwanasayansi Charles Darwin alitunza daftari za vitabu alivyosoma na alivyokusudia kusoma tangu mwaka wa 1838 hadi 1860; naye alikuwa mpenzi mkubwa wa riwaya, hasa zenye mwisho wa furaha. Mwanamuziki Art Garfunkel wa Marekani ameorodhesha kila kitabu alichosoma tangu Juni 1968. Mhariri Pamela Paul, pia wa Marekani, alianza daftari lake mwaka wa 1988 akiwa msichana wa shule. Tangu mwaka wa 2007 kuna mtandao wa Goodreads, ulionunuliwa na kampuni ya Amazon mwaka wa 2013, ambako mamilioni hufanya kazi hiyo hiyo hadharani. Unafaa kwa anayetaka kuzungumza na wasomaji wengine. Hata hivyo, orodha iliyo huko imehifadhiwa nyumbani kwa mtu mwingine, na macho ya watu humfanya msomaji aandike ya kupendeza badala ya ya kweli.

Kuna hatari nyingine, ya kuhesabu. Anayejiwekea shabaha ya riwaya 50 kwa mwaka huanza kuchagua zilizo nyembamba, na ikifika Desemba anasoma kama anayelipa deni. Nambari haina budi kuwa matokeo tu. Riwaya nne zilizosomwa kwa raha kati ya msimu mmoja wa mahindi na mwingine si haba.

Riwaya zilizoachwa njiani nazo zastahili mahali pake, pamoja na ukurasa msomaji alipochokea. Baadhi hurudiwa baadaye na kumalizwa kwa siku mbili. Na ukurasa wa mwisho wa daftari wafaa kuachiwa majina ya walioazima vitabu, pamoja na tarehe, kwa kuwa hata rafu yenye vitabu kumi hupungua upesi mwenyewe asipokumbuka aliyempa.