Injini Ikikaa Vyema, Petroli Haipotei

Usipa waliwao Lilongwe, Nathenje na Dzaleka huvuliwa Ziwa Nyasa, na petroli ya mvuvi huingia katika bei yao. Hivyo yafaa injini ya boti ifungwe kwa kipimo.

Bamba lililo juu ya rafadha na liwe sawa na chini ya boti. Injini ikipanda mno, rafadha humeza hewa, ikavuma bure. Ikishuka mno, maji huizuia na petroli hupotea.

Boti ya mizigo yataka rafadha ya hatua fupi, yaani isogeayo kidogo kwa kila mzunguko. Boti nyepesi, hatua ndefu. Injini iliyofunguliwa kabisa isipofikia mizunguko aliyoagiza mtengenezaji, hatua imezidi. Mvuvi na arekebishe ufukoni, kabla mwera haujavuma.