Rangi za upinde wa mvua zinavyopotosha picha za kisayansi

RANGI zinazopakwa kwenye picha ya mshipa wa moyo zaweza kumwezesha daktari kuuona ugonjwa au kumfanya aupite bila kuutambua.

Hayo yalidhihirika mwaka wa 2011, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walipowaonyesha wanafunzi wa udaktari picha za mishipa zilizochorwa kwa kompyuta. Rangi ziliashiria nguvu ambayo damu husugua nayo ukuta wa mshipa. Inapokuwa ndogo mno, mshipa huwa katika hatari ya kuziba. Kwa picha za pande tatu zilizotumia rangi za upinde wa mvua, wanafunzi walitambua asilimia 39 pekee ya sehemu za hatari. Picha zilipotandazwa bapa, walifikia asilimia 62. Kisha rangi zikabadilishwa, zikawa za kutoka nyekundu hadi nyeusi, na kiwango kikapanda hadi asilimia 91. Katika hatua hiyo ya mwisho, kilichobadilika ni rangi tu.

Mpe mtu vipande vya kijivu avipange, ataanza na cheupe amalizie na cheusi bila kusita. Mpe kijani, manjano na buluu, atakuuliza aanze na kipi. Isitoshe, manjano hung'aa kupita zote, hivyo huchora mpaka mahali ambapo vipimo havina mpaka wowote, ilhali eneo pana la kijani huficha tofauti zilizopo. Na wapo wasioweza kutenganisha nyekundu na kijani: miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya, takriban mmoja kati ya 12.

Programu ya Matplotlib, inayotumiwa na wanasayansi wengi kuchora vipimo, iliachana na mtindo huo mwaka wa 2017, ikachukua mpangilio uitwao viridis. Huo huanza na zambarau iliyokolea, ukapitia buluu na kijani hadi manjano, mwangaza ukiongezeka kwa hatua sawa.

Mwenye shaka na picha yake na aipige fotokopi isiyo na rangi. Vipimo viwili vilivyo mbali vikitoka na kijivu kimoja, mpangilio haufai. Jaribio hilo, hata hivyo, halihusu ramani zenye kiwango cha katikati, mathalani joto lililozidi au kupungua wastani. Hizo huhitaji rangi mbili, kama buluu na nyekundu, zinazofifia zikikutana katikati.